Mwigizaji kutishia kurudisha nishani: haki yake, au alivuka mpaka?

Wadau, kila jina la Pete Postlethwaite linapotajwa huzuka hoja ileile: alikuwa mwigizaji hodari wa Kiingereza, lakini kwenye siasa alijichanganya. Mwaka 1996 alitutoa machozi kwa ajili ya wachimba makaa ya mawe, mwaka 2009 akasimama kuyapinga makaa hayohayo. Mimi sikubali kwamba alijipinga.

Tuirudie Brassed Off, filamu hiyo ya 1996. Ni bendi ya matarumbeta ya wachimba migodi, kaskazini mwa Uingereza, wakati migodi inafungwa. Postlethwaite ni Danny, kiongozi wa bendi, mapafu yameshaliwa na vumbi la makaa. Bendi inashinda fainali kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Danny, aliyetoroka hospitali, anapanda jukwaani na kulikataa kombe. Ule uso wake wa mifupa mitupu, sijauona kwa mwigizaji mwingine! Anawaambia waliokaa mle ukumbini kwamba wachimba migodi wangekuwa sili au nyangumi wangepiganiwa, lakini hawa ni binadamu wa kawaida tu. Alidhani muziki ndio muhimu, kumbe watu. Hakuna mahali anapoyasifu makaa ya mawe. Yanamuua!

Sasa njoo Machi 2009. Kwenye filamu ya The Age of Stupid amecheza mzee aliyebaki peke yake mwaka 2055, anajiuliza kwa nini hatukujiokoa na mabadiliko ya tabianchi. Siku ya uzinduzi wa filamu hiyo London alimwambia waziri wa nishati, Ed Miliband, kwamba serikali ikiidhinisha kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha Kingsnorth, huko Kent, atairudisha OBE, nishani ya heshima ya Uingereza aliyopewa 2004. Aprili serikali ikatangaza masharti mapya kwa vituo vya aina hiyo, na Oktoba E.ON, kampuni ya umeme yenye mradi huo, ikauahirisha. Sisemi ni nishani iliyofanya hayo. Wanaharakati walikuwa wamepambana na Kingsnorth kabla yake. Ila naye aliongeza uzito wake.

Wengine watauliza, nani alimchagua? Swali hilo naliheshimu, maana umaarufu si kura. Lakini hakumnyang'anya waziri uamuzi wake. Aliweka rehani kitu chake mwenyewe, heshima ambayo mtoto wa familia ya kawaida kutoka Warrington haipati kirahisi. Na nyumbani kwake Shropshire alishafunga mtambo wa kuzalisha umeme kwa upepo.

Kwetu wengi walimwona 2005 kwenye filamu ya The Constant Gardener, iliyopigwa Kibera na Loiyangalani nchini Kenya, akiwa daktari anayesutwa na dhamiri. Alifariki Januari 2011, akiwa na miaka 64.

Kwa hiyo anayeona alivuka mpaka anijibu: mpaka huo umechorwa wapi, ikiwa mtu anarudisha alichopewa yeye?