Tupeane uzoefu: picha za TV za zamani za mambo ya anga na mashine, na hizi zilizorudiwa

Mtoto wa Kikwajuni
Assalaam alaykum. Jana nimefanya kosa. Nimemkalisha mwanangu wa Fomu Tatu nimuoneshe Knight Rider, ile picha ya TV ya gari linalosema, nikamtilia ile iliyorudiwa ya 2008, nikijua gari jipya na picha safi zitamvutia. Gari lenyewe Mustang, linajigeuza umbo na rangi kama kinyonga. Robo saa haijesha, mtoto yumo kwenye simu. Na mie nimesinzia.

Leo asubuhi nikamtilia ile ya 1982. Pontiac nyeusi, taa nyekundu inakwenda huku inarudi huku puani mwa gari. Mwanzo akacheka. Baadaye akanyamaza. Mwisho akaniuliza, "Baba, mbona hili gari lina kiburi?" Nikajua keshanasa.

Sie tukiiangalia kwa jirani. Kanda zinatoka Dubai, maandishi ya Kiarabu yanapita chini, Kiingereza hatukijui, yupo kaka mmoja wa mtaani anatufasiria. Ukubwani nikaja kugundua nusu ya maneno yake alikuwa akiyatunga. Na alivyotunga yeye vizuri zaidi! Hebu nambieni, mule mlikuwa na nini ambacho hizi mpya hazina?

Karafuu Mbichi
Kweli tupu. Na ile sauti ya gari!

Mkaazi wa Vuga
Ile sauti ni ya William Daniels, na mwenyewe ndiye aliyetaka jina lake lisiandikwe. Kwa hiyo kwa mtazamaji gari ndilo linalosema, basi. Hii mpya wakamweka Val Kilmer, nyota mzima wa sinema. Unasikiliza gari unamuona Val Kilmer.

Halafu ile taa nyekundu mnajua imetoka wapi? Aliyebuni Knight Rider ni Glen Larson, na yeye ndiye aliyetengeneza Battlestar Galactica ya 1978, ile ya vita vya angani. Wale askari wa chuma mule, Cylon, wana jicho jekundu hilo hilo linalokwenda na kurudi. Kalichukua la kwenye roboti kalibandika kwenye gari. Taa moja, watoto wa dunia nzima hawakulala.

Nahodha wa Konde
Mkaazi wa Vuga umenitonesha kidonda. Miaka yote hii sijalisimulia jambo hili, na babu yangu keshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo leo naweza.

Mwaka 1995, wakati wa popobawa, lile pepo la usiku. Waliokuwa Pemba wanakumbuka, hadithi sina haja. Watu wanalala nje, mikeka uwani, moto unawaka usiku kucha, wanaume na mapanga. Mie kijana, kichwa maji, na kwa wiki nzima nimekuwa nikienda Chake kuangalia kanda za gari linalosema. Nikaingiwa na wazimu kwamba baskeli yangu nayo iwe vile. Nikachukua kioo chekundu cha taa ya nyuma nikakitia kwenye taa ya mbele. Taa yenyewe ya dainamo. Sikuikaza, nikaifunga kwa kamba ya mpira, ili nikitikisa usukani iwe inayumba kushoto kulia, kushoto kulia.

Usiku huo narudi peke yangu. Njia za kwetu mnazijua, mlima na bonde. Nikauacha mlima unishushe, sikanyagi, baskeli haina hata kelele, taa inayumba mbele. Nilikuwa natoka machozi kwa raha. Nimefika karibu na nyumba za mwanzo nikasikia sauti ya mwanamke, "Jicho! Jicho hilo!"

Sasa sikilizeni. Nikashika breki. Dainamo baskeli ikisimama taa inazima. Wao walichokiona ni jicho jekundu limeshuka kutoka mlimani, limefika, LIMETOWEKA. Nikasikia "Huyoooo!" na jiwe la mwanzo likanipata begani. Nikapanda baskeli nikimbie, na nikikanyaga taa inawaka tena! Kila nikikimbia naonekana, kila nikisimama wanapiga mayowe kwamba kimepotea. Nikaiacha njia na baskeli yangu nikatumbukia kwenye bonde la mpunga, maji mpaka kifuani, chura wanalia sikioni. Humo nimekaa mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nyumbani habari ni moja, popobawa wa mwaka huu ana jicho moja. Babu anahadithia yeye ndiye aliyempiga jiwe. Na mie nimekaa pale nakunywa uji, bega limevimba, nasema "Mashaallah babu."

Karafuu Mbichi
NIMEKUFA 😂😂😂

Shoga wa Malindi
Mungu alikupenda wewe. Wakati ule kuna waliopigwa na makosa hawana.

Mpiga Domo
Baskeli ilipatikana?

Nahodha wa Konde
Ilipatikana. Taa ilibaki mle bondeni.

Deki Bovu
Hadithi nzuri lakini haijibu swali. Mnachokipenda ni utoto wenu. Mie Battlestar zote mbili nimeziangalia ukubwani. Ya 1978 msimu mmoja tu ikafutwa, na mapigano yale yale ya angani wanayarudiarudia kwa kubana pesa, unaona chombo kile kile kinaripuka mara sita. Ya 2004 ya Ronald Moore ni kitu kingine kabisa. Cylon anafanana na binadamu, humjui nani adui, binadamu waliookoka wakakimbia ni roho elfu hamsini hazifiki na namba yao inaandikwa ubaoni, mtu akifa inapungua. Hapo mpya imeipiga ya zamani, na mkatae.

Mkaazi wa Vuga
Moja hiyo nakupa. Lakini ilifanikiwa kwa kuwa haikulitegemea lile jicho tu, ikatafuta hofu yake yenyewe. Wengi wanaorudia wanachukua jina na muziki.

Deki Bovu
Ilivyofaulu mnasema si ya kurudiwa. Ikifeli mnasema nilijua. Ya mtu mzima hiyo?

Mwinyi wa Bububu
Mtu aliyejiita Deki Bovu hanifundishi picha.

Bi Mkubwa wa Miembeni
Wanangu msigombane. Mie yangu ni V, ile ya 1983, ya wageni waliokuja na vyombo vikubwa kama mji wakasema wanataka msaada, kumbe wanaiba maji na kuwagandisha watu wakawale. Tumeiangalia chumba kizima, watoto mbele sakafuni, wazee kitandani. Yule mwanamke wao, Diana, akafungua taya akammeza mnyama mzima mzima! Sasa ukiangalia unaona wazi ni kichwa cha bandia, kidevu kinashuka kama droo. Lakini usiku ule mama mkwe alisimama akazima TV mwenyewe, akasema huyu asiletwe tena nyumbani kwangu. Kesho yake saa mbili usiku yeye ndiye wa mwanzo kukaa.

Na walipochunwa ngozi za usoni tukaona ni kama kenge chini, mama mkwe akasema, "Nilisema mie, mgeni anayesifu sana chakula chako mwangalie vidole." Picha ile ilikuwa inahusu watu wanaokuja kwa maneno matamu, na vizee walielewa kuliko sisi tuliokwenda skuli. Mule kuna mzee Myahudi aliyeokoka mambo ya Hitler, anawafundisha vijana kuandika herufi V juu ya mabango ya wale wageni. Hapo mama mkwe hakuhitaji mfasiri.

Ya 2009 nimeiangalia. Wazuri wote, vyombo vinang'ara, imekwenda misimu miwili wakaikata hadithi haijesha. Hata Diana wa mwanzo, Jane Badler, walimrudisha. Mie sikuogopa hata kidogo.

Mpiga Domo
2009 wewe uliangalia kwa umeme gani Unguja? Si mlikuwa gizani miezi mitatu?

Bi Mkubwa wa Miembeni
Niliangalia baadae mwanangu, kwa DVD za Darajani zile za picha ishirini ndani ya moja.

Nahodha wa Konde
Sie Pemba wakati huo tuna majenereta yetu ya Wesha, tunaangalia tunavyotaka 😁

Mwinyi wa Bububu
Yakhe nyie Wapemba, majenereta yale usiku yalikuwa yanalala kabla yenu. Mpaka kebo ya umeme ya Tanga ilipokuja 2010 ndipo mkapumua. Usitutie chumvi.

Shoga wa Malindi
Jamani mada.

Mwalimu wa Fizikia
Narudi kwenye mada. Umasikini wa bajeti uliwalazimisha kufikiri. Star Trek ya 1966, watu wanayeyuka chomboni wanatokea kwenye sayari. Mnadhani ni elimu ya juu? Kutua na chombo kizima kila wiki kulikuwa ghali, basi wakabuni mtu apelekwe kama mwanga. Ule mng'aro ni unga wa aluminiamu uliomwagwa mbele ya taa ukapigwa picha. Leo wanafunzi wangu wananiuliza habari za chembechembe kwa sababu ya unga ule. Wenye pesa leo wangetuonesha chombo kinatua, vumbi, moto, dakika nne, na hakuna swali darasani.

Mzanzibari wa Leicester
Huku Uingereza nilikuta Doctor Who, picha ya BBC ya msafiri wa nyakati. Imeanza 1963, adui wao mkubwa ni kama debe la taka lenye mkono wa mpira wa kuzibulia sinki, na Waingereza wazima wanakuhadithia walivyojificha nyuma ya kochi. BBC wenyewe walizifuta kanda nyingi za zamani ili watumie tena. 2013 sehemu tisa zilizopotea zikatangazwa zimepatikana Nigeria, kwenye stoo ya kituo cha TV. Wakati mwengine najiuliza kwenye mastoo ya kwetu mna nini.

Iliyorudi 2005 wanangu wameipenda, na mie pia, sitosema uongo. Ila ile ya zamani ilikuwa inakuacha pabaya wiki nzima, na wiki nzima hiyo ndiyo watu wanazungumza. Sasa wanangu wanaangalia nane kwa usiku mmoja, asubuhi hawakumbuki jina la mtu.

Karafuu Mbichi
Dawa ni kumpa mtoto moja kwa wiki. Akilia mwache alie.

Deki Bovu
Dawa ni kukubali umezeeka.

Mpiga Domo
Dawa ni kumfasiria uongo, kama yule kaka wa Kikwajuni.

Mtoto wa Kikwajuni
Mpiga Domo wewe umesema kwa mzaha lakini jioni hii nimefanya hivyo hivyo. Nimezima maandishi, nikamwambia gari linamtukana bosi wake kwa Kimakunduchi. Mke wangu katoka jikoni kuja kusikiliza. Wameniambia kesho nisichelewe kurudi.

Nahodha, kanda za wakati ule unazo?

Nahodha wa Konde
Tatu ninazo, ziko kwenye bweta. Moja imeota ukungu. Deki ndiyo sina.

Mwinyi wa Bububu
Deki ninayo mie, inakula kanda lakini inafanya kazi. Zitie kwenye boti ya Jumamosi. Na taa usilete.