Nyumba ya Pangani, Nairobi: bafu la Nyanya (mazungumzo ya familia kwenye simu)

IJUMAA

Mjomba Athumani: Asalaam alaykum nyote. Fundi amekuja leo kuangalia bafu la Nyanya. Anasema ni kubomoa lote mpaka kwenye mawe. Vigae vitoke, sakafu itoke, choo kigeuzwe kitazame mlango, halafu tuweke vigae vikubwa vya kung'aa na ile shawa pana inayomwaga kama mvua. Laki 2 na nusu, kazi na vifaa. Nimemwambia aanze Jumatatu.

Zainabu: Waalaykum salaam Mjomba. Jumatatu hii?

Mama Mdogo Mariamu: Alhamdulillahi. Mama ameoga maji ya kutu vya kutosha. Na dari ile imejaa ukungu mpaka najisikia vibaya nikiingia.

Halima: Waalaykum salaam. Shikamoo Mjomba, shikamoo Mama Mdogo. Mjomba, kwa heshima zote, naomba fundi asianze mpaka tuzungumze.

Mjomba Athumani: Marahaba. Zungumza mwanangu, tunasikia.

Halima: Hayo mnayolalamikia ni ya kweli. Maji yanatoka kahawia, dari ina ukungu, na Nyanya aliteleza mwezi uliopita akashikwa na Zainabu. Lakini hakuna hata moja linalosababishwa na vigae au ile terazo ya sakafuni. Maji ya kutu yanatoka kwenye mabomba. Yale ni ya chuma kilichopakwa zinki. Zinki ikilika ndani, chuma kinaanza kutu, kutu inajazana, na bomba la nusu inchi linabaki na tundu jembamba kama la kalamu. Maji yaliyolala humo usiku kucha ndiyo anayoyaoga Nyanya alfajiri. Ukibandika vigae vipya juu ya mabomba yaleyale, atayaoga maji yaleyale.

Rashidi: Hapo umesema.

Mjomba Athumani: Sawa, mabomba tutabadilisha. Lakini mabomba yako ndani ya ukuta. Utayatoaje bila kuvunja vigae?

Halima: Hatuyatoi. Tunayakata, tunayaziba, tunayaacha humohumo. Mabomba mapya tutayapitisha upande wa stoo, maana ukuta wa bafu na wa stoo ni mmoja, kisha tunatoboa pale tu panapotoka mfereji. Kipande kitakachoonekana bafuni kipite juu ya ukuta, kishikwe na vibano. Nyumba nyingi za enzi zile mabomba yalipita hivyo hivyo, nje, na hakuna aliyeona ni aibu. Siku likivuja, unaliona na unalifikia bila nyundo.

Mama Mdogo Mariamu: Lakini Halima, vile vigae vimezeeka. Vina nyufa.

Halima: Mama Mdogo, zile nyufa nyembamba ziko kwenye ile ngozi ya juu ya kung'aa tu, kigae chenyewe ni kizima. Zainabu, unaweza kunifanyia jambo? Chukua mpini wa bisibisi, gonga kigae kimoja kimoja polepole. Kilichoshika ukuta kinatoa sauti nzito, kilichoachana nao kinalia kitupu. Vinavyolia vitupu tia alama ya penseli.

Zainabu: Sasa hivi?

Halima: Ukimaliza kumpa Nyanya dawa.

Zainabu: Haya.

Rashidi: Mimi niongee ya stima kabla hamjanunua chochote. Baba, ile shawa ya umeme iliyopo imeungwa kwenye waya wa taa. Nimeiona kwa macho yangu. Shawa ya wati 5,500 kwenye volti 240 inavuta karibu ampea 23, na ule waya wa taa ni mwembamba sana kwa mzigo huo. Ndiyo maana swichi inapata moto. Na waya wa ardhi haupo kabisa. Mtu amelowa maji, amesimama kwenye terazo iliyolowa, juu ya kichwa chake kuna kifaa kisicho na waya wa ardhi. Nyanya asioge tena hicho kifaa kikiwa kimewashwa. Kuanzia leo. Zainabu achemshe maji.

Mama Mdogo Mariamu: Subhanallah.

Mjomba Athumani: Rashidi mbona hukusema mapema?

Rashidi: Nilifungua kifuniko cha hiyo shawa leo, fundi alipokuwa hapo. Kazi yake ni hii: waya wake peke yake wa milimita 6 za mraba kutoka kwenye boksi la stima, sakiti breka yake, swichi ya kukata nyaya zote mbili iwe nje ya mlango, waya wa ardhi, na kile kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme ukianza kuvuja. Waya utapita stooni na mabomba ya Halima, kila kimoja njia yake. Tupunguze chochote kingine katika hesabu, hiki kisiguswe.

Mjomba Athumani: Kisiguswe. Nimekubali.

Halima: Ahsante Rashidi. Na ile shawa ya mvua Mjomba, hata tukiinunua haitafanya kazi. Maji yetu yanatoka kwenye tangi la juu ya paa, na kila mita 1 ya kimo inatoa presha ya baa 0.1 tu. Kutoka tangi mpaka kichwa cha shawa kwetu ni kama mita 2. Shawa pana itadondosha matone. Kichwa kidogo cha zamani chenye matundu machache ndicho kinachofaa maji ya tangi.

Mjomba Athumani: Na pampu?

Halima: Pampu siku maji yamekatika na stima imekatika? Tangi halitegemei mtu.

Zainabu: Nimegonga vyote. Kumi na moja vinalia vitupu. Tisa viko chini ya dirisha pale panapolowa, viwili nyuma ya sinki. Kimoja kimenitokea mkononi, nyuma yake kuna tarakimu na herufi zimechongwa lakini zimelika. [Picha]

Halima: Mashallah, kumi na moja tu kati ya ukuta mzima! Kiweke vizuri hicho kilichotoka, usikitupe. Kipime upana kwa rula.

Zainabu: Ni zaidi kidogo ya milimita 152.

Halima: Ndiyo inchi 6. Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Vigae vinavyouzwa siku hizi vimeandikwa sentimita 15 kwa 15, yaani milimita 150. Ukitazama kimoja huoni tofauti. Ukivipanga vitano, mstari umekwenda kombo kwa sentimita 1 nzima, na weupe wake ni wa kibuluu, wetu umeelekea maziwa. Kwa hiyo tutafanya hivi: nyuma ya lile kabati la taulo kuna vigae vya asili ambavyo hakuna anayeviona. Fundi avitoe taratibu, avihamishie chini ya dirisha. Vipya viende nyuma ya kabati.

Mama Mdogo Mariamu: Hiyo nimeipenda.

Swalehe: Salaam jamani, nilikuwa kazini. Kileleshwa na Kilimani wanabomoa nyumba za zamani kila siku kujenga maghorofa. Vijana wa kubomoa huuza milango, madirisha, masinki, mpaka vigae. Nitapita kesho niwaulize. Halima nitumie vipimo na picha ya ule mstari mweusi wa juu.

Halima: [Picha] Ule mstari mweusi ni inchi 6 kwa inchi 1. Vimevunjika vitatu karibu na mlango. Ukivipata hivyo utakuwa umetufaa kuliko yeyote.

Mjomba Athumani: Mimi sikatai. Lakini mjue Nyanya anahitaji bafu salama, si bafu la kuonyesha wageni. Choo kile kina tangi juu na mnyororo, mkono wake haufiki. Na sakafu inateleza.

Halima: Mjomba, mnyororo unarefushwa. Duka lolote la vyuma. Ukitia na kile kishikio cha mbao, atauvuta akiwa ameketi. Tangi lile ni la lita 9 na bakuli lake limetengenezwa kwa maji hayo, ndiyo maana linasafisha kwa mkupuo mmoja. Ukimwekea bakuli la zamani tangi dogo la kisasa utavuta mara mbili, hujaokoa kitu. Kubadilisha washa, kile kipete cha kuzuia maji yasivuje, na mpira wa ndani, basi. Na miguu yake, tumwekee kiti cha choo cha kuinua.

Zainabu: Nyanya anauliza mnazungumza nini muda wote huu. Nimemsomea. Anataka niandike maneno yake.

Mjomba Athumani: Shikamoo Mama. Andika Zainabu.

Zainabu: Anasema hivi:

"Marahaba wanangu. Kwanza choo. Athumani, ukikigeuza kitazame mlango, mtu akikaa anaelekea kaskazini, na huko ndiko kibla. Sitakikalia. Yule Mhindi aliyejenga hakuwa Muislamu lakini alikiweka sawa, kiacheni.

"Pili. Mama yangu alikuwa msichana Serikali ilipobomoa kijiji cha Pangani, mwishoni mwa miaka ya 1930. Nyumba zao zilikuwa za udongo na miti, wakahamishiwa Shauri Moyo. Hizi nyumba za mawe zikaja baadaye, za watu wengine. Babu yenu aliponunua hii, mama yangu alikuja akapita chumba kwa chumba. Bafuni alikaa sana. Alisema, 'Wamejenga vizuri.' Mimi nimeliosha bafu hilo miaka yote. Likiwa limekufa niambieni limekufa. Kama ni mabomba, tengenezeni mabomba.

"Tatu, nataka bomba la kuchambia lifanye kazi, kopo limenichosha."

Mama Mdogo Mariamu: Mama 😭

Swalehe: Imekwisha hiyo.

Mjomba Athumani: Nimesikia Mama. Choo hakigeuzwi na vigae havibomolewi. Nitampigia fundi.

JUMAMOSI

Mjomba Athumani: Fundi amekataa kazi ya viraka, anasema haina faida. Nimepata mzee mmoja wa Pumwani, ameanza uashi tangu ujana, amekuja ameangalia. Jambo la kwanza alilofanya, alimwaga ndoo ya maji sakafuni akakaa kimya akiyatazama. Yote yalikwenda kwenye tundu la maji, hayakubaki hata kidogo pembeni. Akasema sakafu hii asiiguse mtu, terazo ina mteremko wake na haina ufa. Ataisafisha kwa kusaga kidogo, asiing'arishe kama kioo, ili mguu ushike.

Halima: Mjomba huyo ndiye fundi! Umwambie asitumie asidi kabisa. Terazo ni vipande vya marumaru ndani ya saruji, na asidi inakula vyote viwili.

Mama Mdogo Mariamu: Mimi huwa namwaga ile dawa ya chooni sakafuni nikija kusafisha.

Halima: Ndiyo maana pale karibu na choo pamekwaruzika na pamefifia Mama Mdogo. Hata ndimu na siki zinaila. Sabuni ya kawaida na maji ya vuguvugu yanatosha, na ikishasagwa fundi aipake dawa ya kuziba vitundu.

Mama Mdogo Mariamu: Basi sabuni.

Rashidi: Na ukungu wa dari?

Halima: Dirisha. Ni la chuma, limepakwa rangi mara nyingi mpaka limegandana na fremu, halifunguki. Mvuke unaenda wapi? Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Nairobi, dari inalowa kila asubuhi. Lifunguliwe kwa kisu, likwanguliwe kutu, lipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza ndipo ya juu. Ila rangi za zamani hivyo zinaweza kuwa na madini ya risasi ndani yake, nayo ni sumu, kwa hiyo msasa wa maji tu, hakuna kusugua pakavu, na Nyanya asiwepo. Vumbi likusanywe kwa kitambaa kilicholowa. Ukutani juu ya vigae mimi ningepaka krimu, dirisha kijani kama ilivyokuwa. Ukikwangua pembeni utaiona ile kijani chini.

Zainabu: Nimekwangua kwa ukucha. Ipo kweli!

Halima: Zainabu, ukucha hapana, nenda ukanawe mikono!

Mjomba Athumani: Vyuma vya kushikilia je? Mzee anasema atavifunga.

Halima: Viwili. Kimoja kando ya choo, kimoja kwenye shawa, kimo cha kati ya sentimita 85 na 90, kwanza Nyanya asimame tuone mkono wake unakaa wapi. Boliti ziingie kwenye jiwe lenyewe, plasta haishiki uzito wa mtu. Atoboe kwa biti ya vigae, abandike tepu ya karatasi juu ya kigae biti isiteleze, na mashine isiwe kwenye kugonga mpaka apite kigae. Vyuma vya mviringo vya rangi ya fedha, vitaendana na mifereji.

Mjomba Athumani: Mifereji inabaki?

Halima: Inabaki. Ni shaba nzito chini ya ile rangi ya fedha, inahitaji washa tu.

Swalehe: Niko Kileleshwa. [Picha] [Picha] Hivi vyeusi anavyo kama ishirini, vyeupe amejaza gunia. Nimevipima kwa tepu, inchi 6 kamili. Ana na sinki la mguu lakini lina ufa.

Halima: Sinki waachie. Vyeusi vyote, vyeupe chagua thelathini visivyomeguka pembe. Na umuombe gazeti uvifunge.

Swalehe: Nimefunga. Mjomba, nitumie za teksi tafadhali.

Mjomba Athumani: Nimetuma. Mzee anaanza Jumatatu na mabomba, Rashidi na nyaya Jumanne, dirisha na rangi mwisho. Saruji nyeupe ya kujazia mianya nitanunua mimi. Nyanya alale wapi wiki hiyo?

Mama Mdogo Mariamu: Kwangu South C. Chumba cha chini, bafu halina ngazi. Nitamfuata kesho baada ya adhuhuri.

Zainabu: Anasema anakuja, ila Jumatano arudishwe mchana akaone kazi kabla mabomba hayajafunikwa stooni.

Rashidi: Nitamchukua mimi. Na kesho jioni nakata stima ya bafu kwenye boksi, asiguse mtu.