Naomba ushauri: ukoo umegoma kukaa kikao cha mirathi

Habari zenu wakuu. Naamini humu wapo mawakili na wasaidizi wa kisheria wenzangu.

Najitolea kwenye shirika dogo la haki za binadamu mkoani Morogoro. Tuna mama mjane, mumewe alifariki mwaka jana. Shemeji zake wameng'oa mkonge wa mpakani na kupanda mihogo yao kwenye shamba alilolima na marehemu. Cheti cha ndoa anacho, cha kifo anacho, barua ya kijiji ipo. Kinachokosekana ni muhtasari wa kikao cha ukoo, na bila huo karani wa mahakama ya mwanzo hapokei maombi ya usimamizi wa mirathi. Wanaotakiwa kukaa kikao ndio hao hao waliokalia shamba!

Tumewaandikia kupitia mwenyekiti wa kitongoji, hawakutokea. Mtendaji akawaita, wakasema mwanamke harithi ardhi ya ukoo. Inauma sana, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi.

Naomba kujua: muhtasari huo ni takwa la sheria au ni mazoea tu? Kama ni mazoea, tumwandikie nani hapo mahakamani ili maombi yapokelewe?

Pia, kabla mirathi haijafunguliwa, anaweza kwenda baraza la kata kwa jina lake mwenyewe ili wasije wakauza? Tunasikia mnunuzi ameshaletwa kuangalia shamba.