Naomba ushauri: vitabu vya sataranji vimenizidi

Wakuu, habari za leo. Nilianza na kitabu kimoja tu cha sataranji, nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar. Miaka 14 baadaye vimefika 230 na ushee. Kabati limejaa, vingine viko uvunguni kwenye maboksi, na mwezi uliopita mchwa walimaliza boksi zima. Mama watoto kasema ama vitoke, ama nikalale navyo sebuleni.

Kinachonitatiza ni kwamba karibu nusu ni vya zamani, vya Kiingereza, vimeandika hatua kwa mtindo ule wa P-K4 (yaani kete ndogo ya mbele ya mfalme inakwenda mraba wa nne). FIDE, shirikisho la dunia, tangu 1981 halitambui tena mtindo huo. Siku hizi hatua hiyohiyo ni e4 basi, herufi na namba ya mraba. Nilimpa mpwa wangu kimoja, kesho yake akakirudisha: "Mjomba, hii ni hesabu?" Vya ufunguzi navyo kompyuta zimeshavikosoa sana. Ila vya hatua za mwisho, kete zikiwa chache ubaoni, havichuji, na hivyo sivitoi hata kwa mtutu.

Maktaba moja niliyoiuliza inataka vya kiada tu. Muuza karanga wa mtaani anavitaka kwa kilo, afungie karanga. Roho inaniuma!

Je, shule zenye klabu ya sataranji zitavipokea hivi vya P-K4? Au niuze kimoja kimoja? Na vile nitakavyobaki navyo, mchwa mnawazuiaje?