Krimu ya tango ya kupaka kwenye mkate na biskuti za chumvi: tupeane uzoefu, yangu iligeuka uji

ShangaziWaTabata
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi iliyopita wifi yangu alikuwa na kitchen party, na mimi kwa kujipendekeza nikasema sandwichi niachieni. Nilishaziona mahali, zile ndogo za pembetatu zilizokatwa kingo, ndani krimu ya tango ya kijani mpauko. Nikajua hapa mawifi watanyamaza.

Nikanunua matango 3 na kopo la jibini ya krimu (bei nililipa nimefumba macho), vyote ndani ya blenda pamoja na nusu kitunguu, chumvi na pilipili manga. Saa 4 asubuhi ilikuwa tamu ajabu. Nikapaka slesi 40, nikafunika, nikaenda kusuka. Saa 9 alasiri nafunua sinia, mkate umelowa kama ulilala nje na mvua, na chini kuna maji ya kuchota. Mama mkwe akanyanyua moja, nusu ikabaki mkononi, nusu ikadondokea kwenye kitenge chake. Hakusema kitu. Alinitazama tu, kisha akaomba sambusa.

Mliofanikiwa mnafanyaje? Na asije mtu kuniambia nisiweke tango.

Mla_Boflo
Usiweke tango.

MpishiWaKilimani
Pole sana dada. Mimi niko Nairobi, napika sandwichi za chai za mikutano ya ofisi, na hiyo supu yako nimeshaipika mara mbili. Tango karibu lote ni maji. Ukilisaga na chumvi, chumvi inaendelea kuyavuta hayo maji taratibu wakati wewe uko saluni.

Fanya hivi. Pasua tango kwa urefu, mbegu zitoe kwa kijiko. Likwangue kwa kile kikwangulio cha karoti, upande wa matundu makubwa. Nyunyizia chumvi, weka kwenye chujio nusu saa. Halafu lifunge kwenye kitambaa safi, usokote kama unakamua nguo. Kamua mpaka mkono uume. Tango moja kubwa litakupa karibu nusu glasi ya maji, na hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye sinia lako. Kilichobaki kinaenea kwenye kiganja, hicho ndicho unachanganya na jibini, kwa uma. Blenda inalegeza jibini, na kitunguu kikisagwa humo kinakuwa kichungu.

Mkate upake siagi kwanza, mpaka pembeni kabisa. Siagi inazuia unyevu usiingie. Funika kwa kitambaa chenye unyevu kidogo usikauke, na usipake mapema kuliko masaa mawili kabla ya wageni.

Bei ya jibini pia iliniuma. Siku hizi natundika mala (maziwa ya mgando) kwenye leso usiku kucha juu ya sufuria, ndani ya friji. Lita nzima inanipa kikombe kimoja tu kizito, lakini wateja hawajawahi kuuliza.

ShangaziWaTabata
Asante sana. Kwa hiyo hayo maji yanamwagwa?

Nyarugusu502
Usimwage dada! Mimi nimekulia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, sasa niko Louisville, Kentucky, Marekani. Huku hiyo krimu ni chakula cha nyumbani na ina jina lake, Benedictine. Aliyeibuni ni mama wa mji huu huu, Jennie Benedict, aliyeanza kazi ya kupikia watu sherehe mwaka 1893, baadaye akafungua na mgahawa wa chai. Alifariki 1928, lakini kila Jumamosi ya kwanza ya Mei, siku ya mbio za farasi za Kentucky Derby, hakuna meza ya maana inayokosa sandwichi zake.

Msimu wangu wa kwanza jikoni, bosi akanipa ndoo ya matango, akasema kamua. Nikakwangua, nikakamua, maji nikayamwaga kwenye sinki, nikampelekea makapi yamekauka vizuri, najisifu. Alishika kichwa. Kumbe alitaka maji!

Kwa ile njia ya zamani, jibini ya krimu kama gramu 225 inapokea vijiko vya chakula 3 vya maji ya tango, kijiko 1 cha maji ya kitunguu, kijiko cha chai cha chumvi, pilipili kali ya unga kidogo sana, na matone 2 ya rangi ya kijani. Rangi wengi siku hizi wanaiacha. Wapo pia wanaotia tango lenyewe, na hapo ndipo mabishano yanapoanza. Kinachonichekesha, kitabu cha mapishi cha huyo mama cha 1902 hakikuwa na krimu hii, iliongezwa kwenye toleo la 2008.

Kwa hiyo dada, chagua: maji ya kupima kwa kijiko, au tango lililokamuliwa. Wewe ulitia vyote bila kipimo. Makapi mimi nilikuwa nabeba nyumbani, natia kwenye kachumbari.

BintiShangani
Mie nipo Maskati, huku labna, yaani mtindi mzito uliochujwa maji, ipo kila duka, sihangaiki na kutundika. Natia tango lililokamuliwa, nanaa na ndimu kidogo. Ila shoga, onja kila tango kabla hujalikata lote, hasa upande wa kikonyo. Moja chungu liliniharibia bakuli zima, na wageni walikuwa wameshakaa.

ShangaziWaTabata
MREJESHO: Leo nimefuata njia ya Kilimani, mtindi niliutundika tangu jana kwenye kanga. Nimepaka saa 8, saa 10 mkate mkavu kabisa, sinia halina hata tone! Ila nilisahau kwamba tango lilishalala na chumvi, nikatia nyingine kwenye mtindi, halafu nikaziweka na biskuti za chumvi pembeni. Mama mkwe kala mbili, hajasema kitu. Kaomba maji.

Mla_Boflo
Si ulikuwa nayo nusu glasi?