Tupeane uzoefu: uliacha kuandika, ulirudije?

Mwana_Langoni
Assalaam aleikum wapenzi wa kalamu. Juzi nimekaa jetini hapa Lamu nangoja boti ya Mokowe, mwalimu wangu wa Kiswahili wa zamani akanipita, akarudi nyuma, akaniuliza "ile hadithi ya nahodha imefika wapi?" Jamani mimi nilimsomea sura mbili tu, 2017! Yeye anamkumbuka nahodha mpaka lile kovu la mkononi, na mimi mwenyewe kovu nilikuwa nishalisahau. Nkapanda boti sikusema na mtu. Usiku nimefungua daftari, sentensi ya mwisho imeishia hivi: "akainua tanga lakini". Basi. Lakini nini? Sikumbuki kabisa nilitaka kusema nini. Nadhani siku hiyo niliitwa kula nikasema ntarudi.

Mlioacha mkarudi, mlirudije? Na ambao hamjarudi pia semeni, hapa hakuna wa kumcheka mwenziwe.

Kaskazi_tele
Hiyo ya "ntarudi" imenigusa pabaya. Mimi ni miaka mitano sasa.

TuktukMaweni
Mimi niko Malindi naendesha tuktuk na naandika hadithi fupi kwenye simu. Nilikuwa nasema shida yangu ni muda. Sasa skizeni. Kipindi cha kusi, mwezi wa tano wa sita, mvua, hoteli nyingi zimefunga, Wataliano wamerudi kwao, nakaa stendi masaa manne sijapata abiria. Ungedhani hapo ndo naandika. Siandiki hata mstari, nalala tu au naangalia video mpaka bando inaisha. Disemba sasa, nakimbia tangu alfajiri sijanywa hata chai, hapo ndo mistari inakuja, naegesha nje ya supamaketi namngoja mteja naandika mistari kumi, akitoka naweka simu mfukoni. Hadithi yangu ndefu kuliko zote nimeiandika msimu wa watu wengi. Kwa hivyo mtu akiniambia atandika akipata nafasi simuamini tena, maanake mimi nilipewa nafasi nkailala.

Bi_Mkubwa_Mkomani
Baba tuktuk umesema kweli tupu. Mimi wakati wangu ni baada ya sala ya alfajiri kabla nyumba haijaamka. Nyumba ikishaamka mimi ni mama, ni nyanya, ni jirani, kila mtu ana haki yake kwangu. Natunga tenzi. Nimejiwekea ubeti mmoja kwa siku, vipande vinne, kila kipande mizani nane, hesabu ndogo tu hiyo. Siku nyengine unakuja umekamilika, siku nyengine kipande cha tatu kinakataa vina mpaka jua linatoka. Lakini siondoki mkekani bila ubeti. Mwana Kupona huyu wetu wa huku kwenye visiwa alitunga utendi wake 1858 akiwa mgonjwa, amtungia binti yake, na ni beti mia moja na mbili. Kwa ubeti mmoja kwa siku hiyo ni miezi mitatu na kitu. Mimi mzima wa afya nina udhuru gani?

KijanaWaShela
Kwa heshima zote bibi, mashairi hayalazimishwi. Mimi nikijilazimisha kila siku natoa maneno makavu yana mizani sawa lakini hayana roho. Nasubiri lije lenyewe, likija naandika usiku kucha.

Bi_Mkubwa_Mkomani
Mwanangu, na lisipokuja?

KijanaWaShela
Linakuja tu.

Bi_Mkubwa_Mkomani
La mwisho limekuja lini?

Kaskazi_tele
😂😂 Kijana jibu swali la bibi

KijanaWaShela
Mfungo Sita ya mwaka jana, wakati wa Maulidi. Lakini lilikuwa zuri sana.

Bi_Mkubwa_Mkomani
Naamini lilikuwa zuri, na si kwamba nakusuta. Nenda Matondoni ukawaangalie mafundi wa majahazi, fundi hapigi misumari siku ajisikiayo peke yake, na ile jahazi ikishuka majini hakuna awezaye kukwambia ubao upi alipachika akiwa na furaha na upi alipachika akiumwa na jino. Beti zangu za siku mbaya nikizisoma mwezi baadaye mara nyengine ndizo nzuri.

Ustadh_Gongoni
Hapa siko na nyinyi nyote wawili. Utenzi ni utenzi na riwaya ni riwaya, ubeti unaweza kuubeba kichwani ukienda sokoni, riwaya ya kurasa mia tatu huwezi. Mwenye mada ameuliza hadithi. Kwa riwaya dawa ni moja, usisimame mwisho wa sura. Simama katikati ya jambo ambalo unajua linaendaje, kesho ukikaa una pa kuanzia.

Mwana_Langoni
Ustadh mimi nilisimama katikati ya sentensi kabisa na ndo hayo yalonikuta.

Ustadh_Gongoni
Kesho nimesema ndugu yangu, sio miaka saba.

Binti_Barani
Nimesoma hapa kimya kimya tangu jana nkasema siandiki, lakini acha niseme maana moyo umenijaa.

Mimi ni wa Malindi. Niliandika riwaya miaka miwili, usiku watoto wakilala, daftari tatu za kurasa mia mbili, kwa kalamu, nyumba nzima hakuna aliyejua. Msichana wa hadithi yangu anaitwa Zuhura. Daftari niliziweka uvunguni mwa kitanda kwenye sanduku pamoja na daftari za zamani za watoto. Mwezi wa Ramadhani mamangu akaugua, nkaenda Kilifi kumuuguza wiki tatu. Nyuma huku wageni wakaja, wifi yangu akasafisha chumba, akaona sanduku la makaratasi ya skuli akalitoa lote akampa mama muuza bajia wa barabarani afungie.

Mimi sikuambiwa. Nilirudi siku mbili kabla ya Idi, jioni nkamtuma mwanangu bajia za shilingi hamsini za kufuturia. Adhana ikatoka, nkala tende, nkafungua ile karatasi. Mafuta yameingia katikati imekuwa kama kioo unaona mpaka maandishi ya upande wa pili, na pale pembeni pakavu nkaona neno Zuhura. Kwa mwandiko wangu. Ile Z yangu ninavyoikata katikati. Nkasema labda ni jina tu. Nkageuza nkasoma, ni pale Zuhura anafungua mlango anamkuta babake ambaye walimhesabu amekufa baharini. Niliondoka vile vile sijanywa maji nkaenda mbio mpaka kwa yule mama. Masikini akanionyesha kapu lake tupu, akaniambia "yameisha mwanangu, mazuri yalikuwa, makubwa, za ishirini nilikuwa nakata nusu." Nilipata karatasi nzima kwa sababu nilinunua za hamsini.

Nililia pale barabarani watu wanatoka msikitini wananiangalia. Mwaka mmoja na miezi minne sikuandika neno.

Kaskazi_tele
Innalillahi. Nimesimama na simu mkononi chai imepoa.

TuktukMaweni
Dada pole sana. Huyo wifi mimi ningemrudisha kwao siku hiyo hiyo.

Mama_Wawili_Faza
Wewe tuktuk acha hayo. Wifi alikuwa anamsafishia chumba mwenzake aliyekwenda kuuguza, na wageni wako mlangoni. Angejuaje?

TuktukMaweni
Kitu cha mtu huulizi kabla hujatupa? Hata karatasi ya risiti unauliza.

Mama_Wawili_Faza
Daftari za skuli zimekaa na daftari za watoto, unauliza nini hapo? Wanaume mnapenda kufukuza watu tu.

Binti_Barani
Msigombane kwa ajili yangu. Wifi alipojua alilia kuniliko, mpaka leo akiniona nimeshika kalamu anatoa watoto nje. Kosa ambalo mimi naliona ni kuficha. Ningekuwa nimemwambia mtu mmoja tu mle ndani kwamba hiki ni kitabu, kingekuwepo.

KijanaWaShela
Mimi nikimwambia mtu naandika hamu inakwisha palepale, naona kama nishamaliza. Bora kuficha, lakini fanya nakala.

Ustadh_Gongoni
Piga picha kila ukurasa kwa simu ujitumie kwenye barua pepe. Dakika moja. Simu ikianguka baharini picha ziko.

Bi_Mkubwa_Mkomani
Au ukariri.

Kaskazi_tele
Bibi kurasa mia sita?? 😂

Mwana_Langoni
Dada Binti samahani nakuuliza, ulirudije basi? Ndo hasa nilichokuja kutafuta.

Binti_Barani
Haikuwa kwa kupanga. Wanachama wa chama chetu cha akina mama walinichagua karani kwa sababu ya mwandiko. Mkutano ni Jumamosi saa kumi, na wajua saa kumi yetu, watu wanaanza kuingia kumi na moja kasoro. Mimi naketi pale na daftari la chama natizama mlango. Jumamosi moja nkaligeuza nkaanza kwa nyuma, nkaandika "Zuhura alizaliwa mwaka wa mvua kubwa". Sio kama zamani, maneno mengine kabisa. Wenzangu walipoingia nkageuza mbele nkaandika waliohudhuria. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Baadaye nkanunua daftari langu, lakini bado naenda pale mapema, nyumbani siwezi. Nimeongeza Jumatano. Mweka hazina ameshajua, huwa anakaa nje na wanaofika mapema mpaka nimalize.

Mama_Wawili_Faza
Huyo mweka hazina Mungu amuweke.

Mwana_Langoni
Mimi leo nimekaa dakika ishirini na ile "lakini". Nimeandika "lakini upepo ulikuwa wa wengine." Sijui maana yake bado ila nimeendelea mistari sita.

Bi_Mkubwa_Mkomani
Kesho ndoo utwambie ni mingapi.

TuktukMaweni
Dada Binti na ile karatasi ya bajia bado unayo ama uliitupa?

Binti_Barani
Ninayo, iko ndani ya mfuko wa nailoni, harufu ya bizari haijatoka. Ni ukurasa wa 61 na 62. Hii ya sasa nimefika ukurasa wa 58, na babake Zuhura ameshaonekana na wavuvi kule Ngomeni, yuko njiani anakuja.