Tupeane uzoefu: uliosoma biolojia ya seli na molekuli, nini kilikufanya uielewe?

Wakuu, habari zenu. Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wadogo zetu hapa Tanga huniuliza kama biolojia ya seli na molekuli inasomeka au ni ya kukariri tu. Inasomeka, tena ni tamu, ila mpaka upate mlango wa kuingilia. Mliopita huko tupeni milango yenu. Naanza.

Wangu ulikuwa insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Bibi yangu ana sukari, kwa hiyo niliishika protini hiyo moja nikaifuata tangu ilikoanzia. Nyuma ya kalenda ya zamani nilichora kiini cha seli, jeni ikinakiliwa kuwa mRNA (nakala inayobeba ujumbe wa jeni), ribosomu, yaani mitambo ya kujenga protini, zikisoma ujumbe na kuingiza mnyororo wa asidi amino ndani ya retikulamu ya endoplazimu, mtandao wa vijia ndani ya seli. Humo unakatwa kipande cha mbele, unakunjwa, unafungwa kwa vifungo vya salfa. Ukishapita Golgi, sehemu ya seli inayofungasha protini, na kuingia kwenye vifuko unakatwa tena, inabaki minyororo miwili, mmoja wa asidi amino 21, mwingine 30. Vifuko vinasubiri sukari ipande kwenye damu ndipo vimwage. Tangu hapo majina ya oganeli, yaani sehemu hizo ndogo za seli, hayakunisumbua, maana kila moja nililiona likiwa kazini.

Mdau wa Amboni: Mimi ni PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi sana. Tulifundishwa kwamba kimeng'enya chake kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, nikawaza maji yetu ya moto ya Galanosi. Mashine inapanda hadi nyuzi joto 95, DNA inaachana pande mbili. Inashuka 55 hivi, vianzishi, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuanzia, vinashika. Inapanda 72, kimeng'enya kinajenga. Vimeng'enya vingi vingekufa kwenye 95, hiki kinaendelea. Mtihani wenyewe ni jeli ya kutenganisha vipande vya DNA kwa umeme: ukipakia sampuli kwenye vishimo vyake, ncha ya pipeti isiguse sakafu ya kishimo, utaitoboa na DNA yote ivujie chini. Jizoezeni kwa maji ya rangi kwanza.

Mdau wa Bagamoyo: Kwetu kuna selimundu, nilikwenda kusoma nikiwa na swali. Jibu lilinitoa machozi darasani: herufi moja ya DNA, A ikawa T, asidi amino ya sita kwenye mnyororo wa beta wa hemoglobini ikabadilika kutoka glutamati kuwa valini. Basi. Na aliyerithi nakala moja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana jeni hiyo haikupotea huku pwani. Tena msidhani sayansi hii iko mbali. Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na WHO Oktoba 2021, ilijaribiwa hapa Bagamoyo na huko kwenu Korogwe. Ndani yake mna kipande cha protini ya ganda la kimelea anayeingizwa na mbu.

Mdau wa Pangani: Shikamooni. Nimemaliza CBG (kemia, biolojia na jiografia), hesabu zinanitisha. Nitaweza?

Mleta mada: Marahaba mdogo wangu. Sifa za kujiunga soma kwenye mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka wako. Hesabu za maabara nyingi ni za kuzimua. Una myeyusho wa molari 1 (molari ni kipimo cha ukolezi), unataka mililita 100 za molari 0.1: chukua mililita 10, jaza maji hadi 100. Hizo utazifanya kila wiki, kwa hiyo anza nazo sasa ukiwa nyumbani.